Mtoki Haumo Kwenye Faharasa

Mwaka juzi nilikaa siku nne Lushoto nikimsubiri mtu niliyeahidiana naye mahojiano. Mvua ilikuwa ile ya milimani, isiyo na haraka, na mtu wangu kila siku alikuwa "anakuja kesho". Basi nikawa nashinda kwenye chumba kimoja cha kusomea. Sitakitaja, kwa sababu ninachotaka kusimulia kingeweza kutokea kokote nchini, na kijana aliyekuwa zamu hakufanya kosa ambalo mimi nisingelifanya.

Siku ya tatu akaingia mama mmoja wa makamo, amejitanda khanga, viatu vya mpira vimejaa tope. Kijana akainuka kidogo kitini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Eti hapa mna kitabu cha mtoki?"

Kijana akafikiri. Akaenda rafuni, akarudi na kitabu cha afya kilichochakaa, jalada limetoka, kurasa za mwanzo hazipo. Akafungua nyuma kwenye faharasa, akapitisha kidole. Mtindio wa ubongo. Mtoto. Katikati hapakuwa na kitu.

"Mtoki haumo, mama. Ungeenda tu hospitali."

"Hospitali tumeshakwenda," mama akajibu. "Dawa tumepewa. Nilitaka kujua tu."

Akasimama kidogo, kama anayengoja kijana akumbuke jambo. Kisha akaaga, akatoka mvuani. Mimi nilikuwa meza ya pili, simu yenye intaneti iko mfukoni, nimesikia kila neno. Sikuinua kichwa.

Maneno yale, "nilitaka kujua tu", nimeyabeba tangu siku hiyo. Nikaanza kuuliza: katika milima hii, nani amewahi kufundishwa kumjibu mtu anayetaka kujua tu? Jibu lake ni refu kuliko nilivyodhani, na sehemu kubwa yake imeandikwa kwa lugha ambazo yule mama hazijui.

Tuanze na neno lenyewe. Mtoki ni uvimbe unaotokea kinenani, pale paja linapoungana na tumbo. Tezi za hapo huvimba kwa sababu nyingi: kidonda cha mguu kilichooza, baadhi ya magonjwa ya zinaa, na tauni. Kwa hiyo anayeuliza habari za mtoki anaweza kuwa anauliza jambo dogo, jambo la aibu, au jambo la kifo, na neno ni hilohilo moja.

Lushoto neno hili lina historia yake. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya hii ilipigwa na tauni mara kwa mara, hasa vijiji vya juu, upande wa Shume na Mlalo. Walioandikwa kuugua katika muda huo ni zaidi ya watu 7,000, na waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Wengi wetu tuliosoma shule za Tanzania tulifundishwa tauni kama habari ya Ulaya ya zamani. Wakati tukifundishwa hivyo, kulikuwa na watoto wa rika letu wanazikwa kwa tauni saa chache kutoka Tanga mjini.

Ugonjwa wenyewe una mwendo unaoeleweka. Vijidudu vyake hukaa kwa panya, na kiroboto ndiye mchukuzi. Panya akifa, kiroboto hatafuti tena panya peke yake, hutafuta damu yoyote yenye joto iliyo karibu. Nyumba ikiwa na mahindi yaliyohifadhiwa ndani, panya watakuwepo. Watu wakilala sakafuni, viroboto hawana safari ndefu. Mtu hupata homa kali, kichwa kikamuuma, kisha mtoki. Dawa zipo, na si za ajabu: streptomycin na tetracycline zimetibu tauni kwa miongo mingi. Lakini zinataka siku za mwanzo. Mgonjwa akicheleweshwa, ugonjwa unaweza kuingia mapafuni, na hapo kikohozi chake ni hatari kwa waliomzunguka.

Tazama basi ni habari gani ilitakiwa kumfikia mwenye nyumba. Kwamba panya wakianza kufa ovyo, hiyo ni taarifa. Kwamba homa yenye mtoki haingojewi wiki. Kwamba kitanda, hata cha kamba, ni kinga. Haya ni mambo matatu yanayotosha nusu ukurasa. Wataalamu waliyajua. Bukheti Kilonzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuchunguza tauni ya Tanzania, ikiwemo hii ya Lushoto. Ujuzi ulikuwepo nchini. Swali ni njia uliyopita kumfikia mtu, na nani alikaa mwisho wa njia hiyo.

Ukivuka bonde la Lwengera kwenda mashariki, unaingia Usambara ya pili, ile ya Muheza, na huko juu kuna Amani. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo hapo mwaka 1902, na pamoja na bustani na maabara wakaweka maktaba. Ilikuwa maktaba ya kweli, yenye majarida yaliyosafiri kwa meli kutoka Ulaya hadi Tanga na kupandishwa msituni. Bustani ilikuwa na mikwinini, miti ambayo gome lake hutoa kwinini, dawa ya malaria ya zama zile. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata njia za baharini, Amani ikatengeneza kwinini kwa ajili ya jeshi la Wajerumani. Dawa ilitoka kwenye mti wa Usambara, kwa maarifa yaliyosomwa maktabani Usambara, ikaenda vitani.

Waingereza waliichukua Amani mwaka 1916. Baadaye utafiti wa kilimo ulihamishiwa Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 majengo yakawa ya taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki. Wataalamu wake walifanya mambo makubwa: mradi wa malaria wa Pare na Taveta, uliopuliza dawa kwenye nyumba kuanzia miaka ya 1950, ni sehemu ya historia ya malaria duniani. Baada ya Bunge kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kwa sheria ya mwaka 1979, Amani ikawa kituo chake. Siku hizi shughuli nyingi ziko Muheza, lakini vitabu vya Amani vimebaki mlimani.

Naiheshimu maktaba hiyo. Wenyeji wengi walifanya kazi pale, wakakusanya mbu, wakasoma darubini, wakatunza rafu, na bila wao hakuna ripoti ambayo ingeandikwa. Ila ilijengwa kumjibu mtafiti. Lugha yake ilikuwa Kijerumani, kisha Kiingereza. Jirani aliyeishi nusu saa kutoka pale, mtoto wake akishikwa na homa, hakuwa msomaji wake. Usambara, kwa maneno mengine, ilipata maktaba ya kisayansi mapema kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki, na kwa karibu karne nzima maswali yaliyoulizwa humo yalikuwa ya wageni juu ya wenyeji.

Wenyeji nao walikuwa na maswali yao, na utaratibu wao wa kuyauliza. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyeandika juu ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974 na kuurudia mlima huohuo katika kitabu cha mwaka 1990, alilitazama jambo hili kwa karibu kuliko wengi. Kwanza, Usambara afya haikuwa habari ya mwili peke yake. Wazee walizungumza juu ya kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi: mvua, njaa, mtawala na maradhi vilikaa sentensi moja. Hata Mbegha, tunayemsoma katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, anaingia Usambara kama mwindaji mwenye dawa zake kabla ya kuwa mkubwa wa nchi.

Pili, na hili ndilo lililonisaidia kumwelewa yule mama, Feierman alionyesha kwamba mgonjwa wa Usambara mara nyingi siye anayeamua tiba. Wanaoamua ni ndugu: mjomba, mama, kaka mkubwa, shangazi aliyetoka Korogwe. Wao ndio wanaokaa kikao, wanaochanga nauli, wanaosema "tumejaribu zahanati, sasa twende kwa mganga", au kinyume chake. Hospitali na mganga si kambi mbili zenye uadui. Ni milango miwili ya nyumba moja, na ndugu wanapita kote.

Sasa mfikirie mtu anayekuja kaunta ya maktaba kuuliza habari za ugonjwa. Karibu kila mara amemwacha mgonjwa nyumbani na ametumwa, kwa maneno au kwa wasiwasi. Amekwisha sikia majibu matatu tofauti na anatafuta la nne la kupimia yale matatu. Dawa anayo tayari. Anataka la kusema jioni kwenye kikao cha ndugu. Ukimwambia "nenda hospitali", umemjibu mgonjwa ambaye hayupo, na yeye aliyepo umemwacha mikono mitupu.

Tanzania iliwahi kuwafundisha watu kazi hii, tena wengi. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomaji wenye umri wa wazazi wangu wataikumbuka hata kwa sauti, kwa kuwa moyo wake ulikuwa redio. Ilidumu wiki 12. Watu walikusanyika kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kisha mmoja akasoma sehemu ya kitabu kwa sauti, wakajadili, wakaamua watafanya nini kijijini mwao: kuchimba choo, kufyeka majani, kulinda chanzo cha maji. Mada zilikuwa magonjwa yaliyokuwa yanajaza zahanati, kama malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Walioshiriki wanakadiriwa kufika milioni 2, katika nchi ambayo wakati huo watu wazima wengi walikuwa bado wanajifunza kusoma.

Ili vikundi hivyo viende, walifunzwa viongozi kama 75,000. Idadi hiyo isikupite hivihivi. Hawakuwa madaktari wala wauguzi. Walikuwa walimu, wakulima, makatibu wa matawi, watu wenye kusoma na kuandika. Mafunzo yalishuka kwa ngazi: waliofunzwa juu wakawafunza wa wilayani, wa wilayani wakawafunza wa vijijini. Na walichofunzwa kilikuwa cha busara. Kiongozi wa kikundi hakutakiwa kuhubiri. Alitakiwa kuuliza, kuwaacha watu waseme wanachokiona kwao, kisha kuwarudisha kwenye ukurasa. Alitakiwa kukaa katikati ya kitabu na watu bila kujifanya ndiye mwandishi. Hiyo, ukiitazama vizuri, ni kazi ya mkutubi. Hatukuiita hivyo tu.

Vyoo vilichimbwa kwa wingi mno, na kampeni ikasifiwa nchi za nje. Nami naisifu. Lakini nikiitazama kutoka Lushoto naona ufa wake. Maswali yalichaguliwa Dar es Salaam. Kiongozi alifunzwa kujibu yaliyomo kitabuni, na wiki ya 12 ilipokwisha, kipindi kikazimwa, kikundi kikatawanyika. Miaka saba baadaye tauni ikatokea Lushoto. Tauni haikuwa kwenye orodha. Aliyefunzwa kurasa za malaria na kichocho hakuwa amefunzwa namna ya kutafuta kurasa nyingine.

Palikuwa na kitu kingine ambacho kingeweza kuziba ufa huo. Kampeni ya kisomo ilipowafanya mamilioni wajue kusoma (asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma mwaka 1967; kufikia 1986 wasiojua walikadiriwa kuwa chini ya asilimia 10), serikali iliona kwamba msomaji mpya asipopata cha kusoma atasahau. Vikaanzishwa vyumba vya maktaba vijijini, vikahesabika kwa maelfu. Nyingine zilikuwa kabati moja tu la mbao kwenye ofisi ya kijiji au darasani, lenye vijitabu vya kilimo, siasa, uzazi na usafi, na mtu wa kijiji aliyeshika ufunguo kwa posho ndogo.

Mwenye ufunguo huyo ndiye mtu wa historia hii. Alijuana na watu. Mama angemuuliza habari za mtoki bila kujieleza sana, na angeelewa. Lakini mafunzo yake, pale yalipokuwepo, yalikuwa ya kutunza daftari la walioazima. Kisha ikaja miaka ya 1980: karatasi ikaadimika, mafuta yakaadimika, vitabu vipya vikakoma, posho ikakoma. Makabati mengi yaliishia kuwekewa chaki na majembe. Ni miaka ileile ambayo Lushoto panya walikuwa wanakufa ndani ya nyumba.

Na maktaba za serikali je? Hizo zina historia ya kujivunia. Sidney Hockey aliandika ripoti yake juu ya maktaba za Afrika Mashariki mwaka 1960, sheria ya kuanzisha huduma za maktaba Tanganyika ikapitishwa 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka 1989 kikaanzishwa Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, Bagamoyo. Wahudumu wetu wa maktaba wanajua kazi: wanajua kuorodhesha, wanajua kwamba udaktari unakaa namba 610 na magonjwa 616. Mtu akija na jina la kitabu, atakipata kama kipo. Tatizo ni kwamba mwenye mgonjwa haji na jina la kitabu. Anakuja na jina la maumivu.

Kwingine duniani jambo hili limekuwa somo kamili. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilipofungua tovuti yake ya MedlinePlus kwa wananchi wa kawaida mwaka 1998, wahudumu wa maktaba za mitaa nao walianza kufunzwa namna ya kuitumia na watu. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha HINARI, iliyofungulia taasisi za nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Ni msaada mkubwa, ila ni mlango wa Amani uleule: kwa mtafiti, kwa Kiingereza. Ninachokitamani kutoka Marekani ni yale mafunzo ya kaunta, zaidi ya tovuti yenyewe. Yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili chepesi.

La kwanza ni mpaka. Mhudumu wa maktaba hatibu, hapimi, hasemi "huo ni ugonjwa fulani" wala "acha hiyo dawa". Anatafuta habari, anaonyesha imeandikwa na nani na mwaka gani, anasoma pamoja na muulizaji kama ikibidi, na anajua zahanati iko wapi na ni lini mambo hayangoji. Mpaka huu humlinda muulizaji, na humlinda mhudumu pia. Nadhani wahudumu wengi hukimbilia "nenda hospitali" kwa hofu, sio kwa dharau: hawajawahi kuambiwa kipi wanaruhusiwa kusema.

La pili ni siri. Mtoki uko kinenani. Kuna watu watazunguka rafu mara tano kabla ya kutamka neno hilo mbele ya meza ya pili yenye mwandishi wa habari.

La tatu, na hapa ndipo sisi wapenzi wa lugha tunapohusika, ni maneno. Ugonjwa una jina la mtaani na jina la kitabuni, na kati yake watu wanafia. Miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo walikuta kwamba degedege la mtoto lilihesabiwa na wengi kuwa ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria, na hivyo lilipelekwa kwanza kwa mganga. Mabango yalisema malaria inatibika hospitali. Mama aliyasoma na kuyaelewa, na hayakumhusu, kwa sababu mwanawe hakuwa na malaria, alikuwa na degedege. Safura, busha, mchango, mshipa, mtoki: kila moja ya haya ni mlango ambao faharasa nyingi hazina. Na Lushoto bado kuna Kisambaa chini ya Kiswahili, kwa hiyo swali linaweza kuwa limeshatafsiriwa mara moja kabla halijafika kaunta.

La nne ni mahali. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita 30 na ushei za kona. Watafiti waliopima malaria katika milima hii walikuta kwamba kati ya tambarare, mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, na vijiji vya mita 1,700, maambukizi yanapungua zaidi ya mara 1,000. Wa juu wanaumwa kwa nadra, na kwa sababu hiyo miili yao haijazoea. Malaria ikipanda, hata mtu mzima huangushwa. Kitabu kimoja cha taifa hakiwezi kumjibu wa Mombo na wa Shume kwa sentensi moja. Anayekaa kaunta ya Lushoto anaweza, akifunzwa.

Nilimpigia simu rafiki yangu muuguzi jioni ileile. Alinieleza habari za mtoki kwa dakika tano, kisha akauliza, "Huyo mama anaishi wapi?" Sikujua.

Asubuhi nilirudi kwenye kile chumba nikamweleza kijana. Hakukasirika, alivuta kiti. Tukafungua kile kitabu kisicho na jalada na safari hii tukaisoma faharasa kama watu wanaotafuta jambo, siyo neno. Chini ya T tukakuta tezi, na tezi ikatupeleka kwenye ukurasa uliosema karibu yote aliyosema rafiki yangu, kwa Kiswahili kizuri kabisa, tauni ikiwemo. Jana yake jibu lilikuwa mkononi mwa kijana, na mama amesimama mbele yake.

Kisha kijana akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Lakini hiki kitabu ni cha mwaka gani?" Ukurasa wa mwaka haukuwepo. Tukaenda kwenye malaria. Kiliagiza klorokwini. Tanzania iliacha klorokwini kama tiba ya kwanza mwaka 2001 kwa sababu malaria ilishaizoea, ikaingia SP, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Basi kitabu kilikuwa kweli kwenye tezi na hatari kwenye malaria, kurasa chache tu kati yake. Kijana akakata karatasi, akaandika kwa herufi kubwa DAWA HII IMEBADILISHWA, ULIZA ZAHANATI, akaichomeka pale. Halafu akachukua penseli, akarudi kwenye faharasa, na katikati ya mtindio wa ubongo na mtoto akaandika: mtoki, tazama tezi.

Yote hayo yalichukua kama dakika 20. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Najiuliza angefanya nini akipewa wiki mbili na mwalimu.

"Akirudi nitamwonyesha," aliniambia.

Nilimuuliza kama anamfahamu, kama ni mama wa hapa karibu. Akatikisa kichwa. Hatukumuuliza jina, wala anamuulizia nani, wala ana siku ngapi tangu uvimbe uanze. Nje mvua ilikuwa imekatika, na gari langu la kushuka Mombo lilikuwa linaondoka saa nne.